Mwalimu, nani hasa aliandika Biblia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa magari hapa Tanga, na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Gereji kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mwenzangu mmoja, Mwislamu, anasema Biblia ilipangwa na mfalme Konstantino kwenye mkutano wa Nikea: maaskofu walipiga kura, vitabu vingine vikachomwa na Injili ya Barnaba ikafichwa. Fundi mkuu wetu ni Mkatoliki, naye anasema sisi Waprotestanti tulinyofoa vitabu saba. Mimi nilifundishwa kwamba Musa aliandika vitabu vitano, Daudi Zaburi, na kila Injili iliandikwa na mwenye jina lake. Nikidaiwa ushahidi nabaki kimya. Nani hasa aliandika Biblia, na nani aliamua kipi kiingie na kipi kibaki nje? Usinifiche kitu.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Sitakuficha kitu. Somo hili nimelifundisha miaka mingi, na nimeona imani za vijana zikitikiswa zaidi na mambo waliyofichwa kuliko na yale waliyoambiwa mapema kwa upole. Jibu langu ni refu, kwa hiyo lisome jioni, kazi zikiisha.

Tuanzie ndani ya Biblia yenyewe, maana swali lako limo humo. Fungua Yeremia sura ya 36. Ni mwaka wa 605 KK hivi, Yerusalemu. Nabii Yeremia amezuiwa kuingia hekaluni. Anamwita Baruku mwana wa Neria, mtu wa kazi ya kalamu, anamsomea kwa mdomo maneno yote aliyoyahubiri kwa miaka zaidi ya ishirini, naye Baruku anayaandika katika gombo la chuo. Mwaka unaofuata, siku ya mfungo, Baruku analisoma gombo lile hekaluni mbele ya watu. Habari zinawafikia wakuu. Wanamwita, wanamketisha, anawasomea, wanatetemeka. Kisha wanamuuliza: hebu tuambie, maneno haya yote umeyaandikaje? Yametoka kinywani mwake? Baruku anajibu kwamba nabii alikuwa akitamka, na yeye akiyaandika kwa wino.

Hilo ndilo swali lako, na liliulizwa miaka zaidi ya 2,600 iliyopita.

Endelea kusoma. Gombo linapelekwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ni mwezi wa tisa, wakati wa baridi, na mfalme anaota moto. Mtumishi aitwaye Yehudi anasoma. Kila akimaliza safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kijembe cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo zima likateketea. Wakuu watatu wanamsihi asilichome, hawasikii. Ukifika mstari wa mwisho wa sura, usome taratibu: Yeremia anachukua gombo jingine, anampa Baruku, naye anaandika upya maneno yote ya kitabu kilichochomwa, na tena yakaongezwa maneno mengine mengi mfano wa hayo.

Sasa niambie, kitabu cha Yeremia kiliandikwa na nani? Aliyetamka ni Yeremia. Wino ulikuwa wa Baruku. Chapa ya kwanza iliungua, na ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Ukienda mwisho wa sura ya 51 utakuta tangazo kwamba maneno ya Yeremia yameishia hapo, halafu sura ya 52 inaendelea, nayo kwa sehemu kubwa ni habari zile zile zilizomo mwishoni mwa Wafalme wa Pili. Bila shaka mtu mwingine aliiweka pale, na kwa uaminifu akaacha alama inayoonyesha nabii alipokomea. Isitoshe, Yeremia wa Kigiriki, aliyetafsiriwa na Wayahudi wa Misri kabla ya Kristo, ni mfupi kuliko wa Kiebrania kwa zaidi ya maneno elfu mbili, na mpangilio wa sura zake ni tofauti. Kwa muda mrefu watu walidhani wafasiri walifupisha kwa uvivu. Kisha, kuanzia mwaka 1947, yakapatikana magombo ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, na katika vipande vya Yeremia vya Kiebrania vikaonekana vya aina zote mbili, kirefu na kifupi, katika pango moja. Wasomaji wa zamani waliishi na matoleo mawili ya nabii mmoja.

Nimekawia kwenye sura hii makusudi. Ukiulizwa nani aliandika kitabu cha Biblia, usikimbilie kutaja jina moja. Kwa watu wa kale, jina la kitabu lilionyesha mamlaka yake: ni sauti ya nani tunayoisikia humu. Kalamu ilishikwa na Baruku na wenzake, na baada yao walikuja wanakili na wakusanyaji waliolinda, waliopanga na waliounganisha. Mithali 25 inakiri wazi kwamba mithali zile ni za Sulemani, ila walizozinakili ni watu wa mfalme Hezekia, karibu miaka 250 baada yake.

Tuje kwa Musa. Torati yenyewe inasema Musa aliandika mambo fulani: sheria za agano katika Kutoka 24, orodha ya vituo vya safari katika Hesabu 33, torati aliyowakabidhi makuhani katika Kumbukumbu 31. Hakuna mahali vitabu vile vitano vinaposema Musa aliandika kila neno lake. Na kuna mistari inayoonyesha mkono wa baadaye. Kumbukumbu 34 inasimulia kifo cha Musa na kuongeza kwamba kaburi lake halijulikani hata leo. Hiyo "leo" ni ya nani? Mwanzo 36:31 inataja wafalme waliotawala Edomu kabla mfalme yeyote hajatawala Israeli, na maneno hayo yanamfaa mtu aliyekwisha kuwajua wafalme wa Israeli. Mwanzo 14 inasema Ibrahimu aliwafuatia adui mpaka Dani, na Waamuzi 18 inatueleza kwamba mji ule ulipata jina la Dani muda mrefu baada ya Musa.

Usidhani haya yamevumbuliwa na wazungu wasioamini. Marabi wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, walijadiliana juu ya mistari minane ya mwisho ya Torati. Mmoja alisema iliandikwa na Yoshua. Mwingine akasema Mungu alitamka naye Musa akaiandika kwa machozi. Hawakutukanana, na maoni yote mawili yakahifadhiwa ukurasa mmoja.

Wasomi wa Ulaya walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1753 daktari Mfaransa, Jean Astruc, aligundua kwamba katika Mwanzo kuna masimulizi yanayomwita Mungu kwa jina moja na mengine kwa jina jingine, akayatenganisha kama mtu anayefumua kamba yenye nyuzi za rangi mbili. Jaribu mwenyewe kwenye gharika. Katika Mwanzo 6:19 Nuhu anaambiwa aingize wanyama wawili wawili. Katika 7:2 walio safi ni saba saba. Katika 7:17 gharika ni siku 40. Katika 7:24 maji yalipata nguvu siku 150. Mwaka 1878 Mjerumani Julius Wellhausen alipanga nadharia maarufu ya nyuzi nne zilizosokotwa pamoja kwa karne kadhaa. Leo wataalamu wanabishana sana juu ya idadi ya nyuzi na umri wake, na wengi wameiacha nadharia ile katika umbo lake la mwanzo. Ninaloliona mimi, baada ya kuisoma Torati kwa Kiebrania maisha yangu yote ya utu uzima, ni hili: imebeba kumbukumbu za kale sana, ilipita mikono mingi, na umbo lake tunalolijua lilikamilika baada ya Yerusalemu kuangushwa na Wababeli mwaka 586 KK, pale taifa lililopoteza hekalu na mfalme lilipobaki na neno tu. Aliyeunganisha masimulizi mawili ya gharika hakufuta hata moja. Angeweza kusawazisha hesabu za wanyama, kwa nini hakufanya hivyo? Naona aliogopa kufuta alichopokea kwa wazee wake, na hofu hiyo naiheshimu kuliko usafi wowote wa hesabu.

Zaburi nitaipita haraka. Kati ya 150, zenye jina la Daudi katika Kiebrania ni 73. Nyingine zina majina ya Asafu, wana wa Kora, hata Musa, na nyingi hazina jina. Zaburi ya 137, ya kando ya mito ya Babeli, inalia msiba uliotokea karibu miaka 400 baada ya Daudi. Ni kitabu cha nyimbo cha taifa zima, kama kitabu cha nyimbo za kanisani kwenu kilivyo na watunzi wengi.

Agano Jipya lilianza kwa barua. Kabla Injili yoyote haijakamilika, karibu mwaka 50 BK, Paulo alikuwa akiandikia makanisa, na yeye pia alikuwa na Baruku wake. Soma Warumi 16:22: ghafla anasalimia mtu aitwaye Tertio, akisema yeye ndiye aliyeuandika waraka huo. Katika Wagalatia 6 Paulo anachukua kalamu mwenyewe na kusema, tazameni herufi kubwa ninazowaandikia kwa mkono wangu. Kati ya nyaraka 13 zenye jina lake, saba hazina ubishi wowote wa maana kati ya wataalamu: Warumi, Wakorintho mbili, Wagalatia, Wafilipi, Wathesalonike wa Kwanza na Filemoni. Nyingine zinajadiliwa, hasa zile kwa Timotheo na Tito, kwa sababu ya lugha yake na hali ya kanisa inayoonekana humo. Wako wanaosema ni za Paulo kupitia katibu mwenye uhuru zaidi, na wako wanaosema ni za wanafunzi wake baada ya kifo chake. Wengi wa wataalamu wanaelekea upande huu wa pili kwa barua za Timotheo na Tito. Waraka kwa Waebrania wenyewe hautaji mwandishi. Origeni, msomi mkubwa wa Aleksandria katika karne ya 3, alisema aliyeuandika, Mungu ndiye ajuaye.

Injili nne nazo hazitaji jina la mwandishi ndani ya masimulizi yake. Majina yanakaa juu, kwenye kichwa: "kama alivyoandika Mathayo", na kadhalika. Vichwa hivyo ni vya zamani, vinajulikana kote kufikia mwisho wa karne ya 2, na mapokeo kwamba Marko aliandika aliyoyasikia kwa Petro yanatoka kwa Papia, askofu wa mwanzoni mwa karne hiyo. Lakini kiapo cha mwandishi mwenyewe hatuna. Tulichonacho ni Luka kueleza kazi yake. Katika mistari minne ya kwanza anasema watu wengi wamekwisha kuandika habari hizi, wao wamezipokea kwa walioona kwa macho, na yeye amechunguza yote kwa usahihi tangu mwanzo ili aandike kwa mpango. Hapo tunamwona mtu mezani, mbele yake kuna maandishi ya wengine. Ukiweka Marko, Mathayo na Luka sambamba, utaona sehemu kubwa ya Marko imo ndani ya Mathayo, mara nyingi kwa maneno yale yale. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini Marko ndiye wa kwanza, karibu mwaka 70, na wenzake walikuwa na nakala yake.

Sasa tufike kwenye kukusanya, ambako ndiko moto wa gereji yenu ulipo.

Darasani huwa nawapa wanafunzi kamba ya mita saba na theluthi moja na kuwaambia wainyooshe. Kamba inavuka chumba, inatoka mlangoni. Huo ndio urefu wa gombo kuu la Isaya la Qumran, safu 54 kwenye vipande vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, na hicho ni kitabu kimoja tu. Wakiiona kamba ile wanaelewa jambo ambalo maneno hayawezi kulieleza: kwa karne nyingi hakukuwa na kitu kiitwacho Biblia mkononi mwa mtu. Kulikuwa na kabati au kikapu cha magombo. Neno lenyewe, Biblia, kwa Kigiriki lilikuwa wingi: vitabu. Kanisa lililokuwa na magombo matano lilisoma hayo matano. Swali la "kipi kiko ndani na kipi kiko nje" lilikuja kubana pale Wakristo waliposhikilia kodeksi, yaani kurasa zilizoshonwa upande mmoja kama daftari. Ukishona, lazima uamue unaanzia wapi na unaishia wapi. Kodeksi zinazobeba karibu Biblia nzima ya Kigiriki, zile tulizonazo, ni za karne ya 4. Na hata humo mipaka haijatulia: ile ya Sinai, iliyotoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo.

Kabla ya kushona palikuwa na kusoma kwa sauti. Katika Wakolosai 4:16 Paulo anaagiza waraka ukiisha kusomwa kwao usomwe pia Laodikia, na wao wausome ule wa Laodikia. Hivyo ndivyo mkusanyo ulivyoanza: jirani anaazima, ananakili, anarudisha. (Ule wa Laodikia ulipotea, kama ulivyopotea waraka anaoutaja katika 1 Wakorintho 5:9. Kuandikwa na mtume hakukuzuia barua kupotea.) Karibu mwaka 150, Yustino wa Roma anaeleza kwamba siku ya Jumapili walisoma kumbukumbu za mitume na maandiko ya manabii. Karibu mwaka 144, katika mji huo huo, Marcioni alikuwa ametoa orodha yake mwenyewe: Luka aliyepunguzwa na nyaraka kumi za Paulo, bila Agano la Kale hata kidogo. Makanisa yalimkataa, lakini alikuwa amewalazimisha kusema wao wanasoma nini. Kufikia mwaka 180 Ireneo wa Lyon anasema kwa uhakika kwamba Injili ni nne. Karibu mwaka 200 askofu Serapioni wa Antiokia aliruhusu kanisa moja dogo lisome Injili ya Petro kabla hajaiona. Akaazima nakala, akaisoma, akaona sehemu kubwa ni njema ila yamo mafundisho yaliyoongezwa, akaandika kuizuia. Hakukuwa na kura. Alikuwepo askofu mmoja, na nakala ya kuazima.

Mwaka 303, mfalme Diokletiano aliamuru maandiko ya Wakristo yachomwe. Kumbukumbu za mji wa Cirta, katika Algeria ya leo, zinaonyesha maofisa wakienda nyumba kwa nyumba kwa wasomaji wa kanisa, wakidai vitabu. Huyu anatoa vinne, yule vitano. Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba habari ya vitabu kuchomwa ni ya kweli kabisa. Ila aliyevichoma ni Roma ya kipagani, na ilikuwa zaidi ya miaka 20 kabla ya Nikea. Waliovificha walijua wanaficha nini.

Na Nikea yenyewe? Mkutano ulifanyika mwaka 325, na Konstantino ndiye aliyeuitisha. Walijadili mafundisho ya Ario kuhusu Mwana wa Mungu, tarehe ya Pasaka, mgawanyiko wa kanisa la Misri, na nidhamu ya makasisi. Walitoa kanuni 20, nazo tunazo mpaka leo. Hakuna hata moja inayopanga orodha ya vitabu vya Biblia. Hadithi kwamba vitabu vilirundikwa altareni, wakaomba, vya kweli vikapanda juu na vya uongo vikabaki chini, inatoka katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baadaye, na katika karne ya 18 Voltaire wa Ufaransa aliisambaza kwa kejeli. Alichofanya Konstantino kweli ni kumwagiza Eusebio wa Kaisaria, miaka michache baada ya mkutano, amtengenezee nakala 50 za Maandiko kwa makanisa ya mji wake mpya. Alilipia nakala. Huo ni mchango mkubwa, lakini kugharamia nakala na kutunga ni mambo mawili.

Kuna ushahidi mwingine wa wazi. Kama Nikea ingekuwa imeamua, ubishi ungekwisha mwaka ule. Haukwisha. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo hivyo ulivyo navyo, ni ya Athanasio wa Aleksandria, mwaka 367, miaka 42 baada ya Nikea. Naye alikuwepo Nikea, akiwa shemasi! Hakusema "kama tulivyoamua Nikea". Alisema haya ndiyo tuliyokabidhiwa. Orodha ilikuwa ndani ya barua ya kutangaza tarehe ya Pasaka, iliyopelekwa kwa makanisa ya Misri. Sinodi, yaani mikutano ya maaskofu, za Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, ambako Agostino alikuwa mshiriki, zikataja 27 hizo hizo. Wakati huo Wakristo wa Siria walikuwa wakisoma tafsiri yenye vitabu 22 vya Agano Jipya, bila Ufunuo, Yuda, Petro wa Pili wala Yohana wa Pili na wa Tatu, na waliendelea hivyo muda mrefu. Ethiopia mpaka leo wanahesabu vitabu 81 katika Biblia yao, kikiwemo Henoko, ambacho waraka wa Yuda unakinukuu katika mstari wa 14. Makanisa haya yote yalikuwa na Injili nne na nyaraka za Paulo. Kilichotofautiana kilikuwa pembezoni.

Kuhusu Injili ya Barnaba, tenganisha kwanza vitu viwili. Uko Waraka wa Barnaba, maandishi ya kale ya Kikristo, ule uliomo kwenye kodeksi ya Sinai. Haukufichwa. Injili ya Barnaba inayotajwa kwenye mihadhara ni kitabu kingine: nakala yake ya Kiitaliano iko Vienna, na wataalamu wanaipa umri wa mwishoni mwa karne ya 16, ipo pia ya Kihispania. Ni kweli orodha moja ya Kilatini ya karne ya 6 inataja injili yenye jina hilo kati ya vitabu vilivyokataliwa, lakini hakuna mstari wake uliotufikia wa kulinganisha. Hii tuliyo nayo inamsafirisha Yesu kwa chombo kutoka ziwa la Galilaya mpaka Nazareti, na Nazareti iko vilimani. Inataja yubile ya kila miaka mia, wakati Torati inasema hamsini. Ya miaka mia ilitangazwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Mwandishi wake aliishi baada ya hapo. Mwambie mwenzako hili kwa adabu, mkiwa wawili, si mbele ya wateja. Imani yake haisimami juu ya kitabu hiki, na hana sababu ya kuaibika kwa kukiacha.

Fundi mkuu wako ana hoja nzito kuliko mnavyodhani. Vitabu saba ni Tobiti, Yudithi, Wamakabayo wawili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na nyongeza za Esta na Danieli. Vilikuwa vikisomwa na Wayahudi waliotumia Kigiriki, na vipande vya Tobiti na Sira vimeonekana Qumran kwa lugha za kwao. Wakristo wa kwanza walivisoma. Lakini shaka nayo ni ya kale. Athanasio yule yule aliweka Tobiti, Yudithi, Hekima na Sira katika kundi la pekee: si vya kanoni, yaani orodha rasmi ya Maandiko, ila vinafaa kuwafundisha wanaoingia imani. Yeronimo, aliyetafsiri Biblia ya Kilatini, alishikilia hesabu ya Kiebrania. Agostino alimpinga, na Karthago ikaenda na Agostino. Kwa hiyo mnabishana ubishi wa Yeronimo na Agostino, wote watakatifu. Hata Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, katika Biblia yake ya mwaka 1534 hakuvitupa. Aliviweka katikati ya maagano mawili, akisema havilingani na Maandiko lakini ni vizuri kusomwa. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, tarehe 8 Aprili 1546, ndio uliovifunga rasmi ndani kwa Wakatoliki. Hata Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilivichapa.

Basi kwa nini havimo katika Biblia yako? Sababu iko karibu zaidi: katika miaka ya 1820 chama cha Biblia cha London kiliamua kutogharamia tena chapa zenye vitabu hivyo. Chama hicho ndicho kilichochapa Biblia nyingi zilizofika pwani yetu. Ile ya Unguja iliyokamilika mwaka 1891, ya Mombasa mwaka 1914, mpaka Union ya 1952 uliyo nayo, zilizaliwa katika utaratibu huo. Neno "walinyofoa" ni kali kwa babu zako wa Tanga: wao walipokea kitabu ambacho uamuzi wake ulikwisha kufanyika mbali. Leo zipo chapa za Habari Njema zenye vitabu hivyo. Nunua moja, usome Sira yote kabla hujabishana tena.

Na kwa kuwa umetaja mwenzako Mwislamu, jambo moja zaidi. Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji, shehe mwenye asili ya Barawa. Sura za kwanza za Biblia ya Kiswahili zilipitia mezani kwa Mkristo na Mwislamu waliokaa wakitafuta neno. Mlangoni mwa kitabu chetu, kwa lugha yetu, yuko Baruku mwingine.

Jumapili ijayo wasomee watoto Yeremia 36. Wape karatasi ndefu, mmoja awe Yeremia, mmoja Baruku, mmoja mfalme mwenye mkasi. Waandike upya kile kilichokatwa, kwa kukumbuka, na waongeze. Kisha waulize: kitabu hiki sasa ni cha nani? Waache wabishane, nawe uandike majibu yao unitumie.